UZI: Mtoto akiungua na maji ya moto msimu huu wa baridi, poza kidonda lakini usimwache mtoto apoe

NesiKitulo

Habari za jioni wakuu. Kipupwe kimeshaingia. Huku Makete, Njombe, Mufindi, Tukuyu hadi milimani Mbeya jiko la mkaa limehamia ndani, maji ya kuoga yanachemshwa asubuhi na jioni, na chupa ya chai inashinda juu ya meza fupi ambayo mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaifikia. Nimeweka uzi huu tujadili kuungua kwa watoto kuanzia dakika ya kwanza nyumbani mpaka wodini. Wenye utaalamu karibuni mjazie, na wazazi ulizeni bila woga.

Cha kwanza ni kumtoa kwenye kilichomuunguza na kumvua nguo hapo hapo. Sweta na pampasi ni hatari kuliko watu wanavyodhani: vinafyonza maji ya moto na kuendelea kuunguza ngozi wakati watu wanahangaika kutafuta bodaboda. Vua pia bangili, kamba ya mkononi na shanga za kiunoni, kwa sababu baada ya muda mfupi sehemu hiyo itavimba na kitu hicho kitakaza. Nguo iliyoyeyuka ikagandia ngozi usiivute. Kata kuizunguka, hicho kipande kiache.

Kisha maji ya bomba yanayotiririka juu ya kidonda kwa dakika 20. Tazama saa, maana dakika mbili mtoto akilia huonekana kama nusu saa. Juu ngozi ikionekana imepoa, joto bado linashuka kwenda tabaka za chini. Uji na maharage ni wabaya zaidi kwa hilo kwa sababu vinanata. Kupoza kuna faida hata kama saa tatu zimepita tangu aungue, kwa hiyo mtu asiseme "tumeshachelewa".

Sasa jambo ambalo nataka lieleweke kwa watu wa nyanda za juu. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka, na ngozi iliyobabuka haishiki joto. Ukimsimamisha uani mwezi wa Juni ukammwagia maji mwili mzima, umemtoa kwenye moto ukamwingiza kwenye baridi, na mwili uliopoa damu yake haigandi vizuri na moyo wake unachoka. Mwagia kidonda peke yake. Kichwa, kifua na miguu isiyoungua vifunikwe blanketi kavu. Maji yakiwa ya kugandisha vidole vyako wewe, ongeza kidogo ya uvuguvugu. Akianza kutetemeka, kulegea, au midomo ikibadilika rangi, acha kupoza, mkaushe, mweke ngozi kwa ngozi na mama chini ya blanketi. Mtoto mchanga, au aliyeungua eneo kubwa, usisubiri mpaka afike huko: poza kwa muda mfupi, umfunike, muondoke. Barafu isitumike kabisa, inabana mishipa na kidonda kinazama zaidi.

Ukimaliza, laza juu ya kidonda nailoni safi ya kufungia chakula. Ilazwe tu, isizungushwe mkono au mguu, kwa sababu uvimbe unakuja. Kama haipo, kanga safi iliyopigwa pasi inatosha. Usipake dawa ya meno, yai bichi, unga, mafuta ya kula, kinyesi cha ng'ombe wala manyoya ya sungura. Vingine vinafungia joto ndani, vingine vinaingiza vijidudu, na vyote lazima vikwanguliwe hospitali ili daktari aone kina cha kidonda. Maumivu anayoyapata wakati wa kukwangua ni makubwa mno kwa mtoto.

Maumivu yatibiwe mapema: paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Ile ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 10 anachukua mililita 6 na kidogo. Pima kwa sirinji, vijiko vya nyumbani havilingani. Aspirini mtoto hapewi.

MamaUyole

Ahsante sana dada Nesi. Sisi wa mtaani bomba linakatika siku tatu. Maji ya ndoo yanafaa? Na je, akiwa amelala usingizi baada ya kuungua, tumwamshe au tumwache apumzike?

NesiKitulo

Yanafaa mama, mradi ni masafi. Kinga beseni chini, mimina kwa kopo taratibu, kama lita moja kwa dakika. Ndoo ya lita 20 itakufikisha. Sehemu ambazo ni ngumu kumwagilia, mfano usoni, weka kitambaa safi kilicholoa na ukibadilishe kila dakika mbili, maana kikipata joto hakisaidii tena.

Kuhusu usingizi: mtoto aliyelia sana huweza kulala, lakini mjaribu. Akiamka, akakutazama na kunyonya au kulia kwa nguvu, sawa. Asipoamka vizuri, mikono na miguu ikiwa ya baridi na mapigo yanakimbia, huyo damu yake inapungukiwa maji. Usisubiri kuche.

Na tafadhali, kumtia joto kusimaanishe kuwasha jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wa mkaa usioonekana unaua kimya kimya, na mtoto hutangulia.

TabibuMafinga

Nyongeza kwa wenzangu wa zahanati, maana wagonjwa wengi wanakosewa hapa kwenye kupima ukubwa. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni asilimia 1 ya mwili wake. Kiganja chake, sio chako. Kwa eneo kubwa tumia mgawanyo wa watoto: mtoto wa mwaka mmoja kichwa na shingo ni karibu 18, kila mkono 9, kifua na tumbo 18, mgongo 18, kila mguu 14. Mtu mzima kichwa ni 9 na mguu 18, kwa hiyo ukitumia hesabu ya watu wazima kwa mtoto aliyevuta kikombe cha chai kutoka mezani, uso na shingo utazihesabu nusu yake. Na huo ndio mkao wa kawaida wa ajali hizi: uso, shingo, bega, kifua, mkono mmoja.

Wekundu mtupu ambao ngozi haijababuka hauhesabiwi. Wengi wanauhesabu, wanapata 25 badala ya 12, mtoto anajazwa maji mpaka anavimba mapafu.

Kina: palipobabuka pakiwa pa waridi, pamelowa, panauma sana, na ukibonyeza panapauka kisha rangi inarudi mara moja, ni juu juu, patapona ndani ya wiki mbili. Pakiwa na mabaka meupe na mekundu, rangi inarudi polepole, ni ndani zaidi. Peupe kama ngozi ya kiatu au peusi, pakavu, na mtoto haumii ukigusa, tabaka zote zimeungua. Mzazi hufurahi kwamba "hapa hapaumi", kumbe ndipo pabaya. Kina kitazame tena siku ya pili na ya tatu, huwa kinabadilika.

Peleka rufaa: asilimia 10 na kuendelea, kuungua uso, viganja, nyayo, sehemu za siri au maungio, kidonda kilichozunguka mkono, mguu au kifua, umeme, kemikali, moshi uliovutwa ndani, mtoto mchanga wa ukubwa wowote, na pale maelezo ya ajali yasipolingana na kidonda. Miguu yote miwili iliyoungua kwa mstari ulionyooka kama soksi, bila michirizi ya maji, uliza kwa upole lakini uliza.

Aliyeungua uso na shingo akianza sauti ya mkwaruzo au kukoroma anapovuta pumzi, njia ya hewa inavimba. Huyo asipande gari bila mtu anayejua kusaidia kupumua.

Kipengere_kwetu

Mkuu Tabibu, safari ya Makete hadi Mbeya kupitia Kitulo ukungu ukishuka ni ndefu. Zahanati ambayo haijafanikiwa kuweka kanula, ule mrija wa dripu kwenye mshipa, ifanye nini njiani? Na hesabu ya dripu tuwekee kwa mfano, formula peke yake inatuchanganya.

TabibuMafinga

Swali zuri. Mtoto aliye macho na asiyetapika mpe ORS kijiko kijiko njia nzima, na anayenyonya aendelee kunyonya. Maji matupu mengi hapana, chumvi ya damu itashuka na anaweza kupata degedege. Jozi ya soksi, kofia, blanketi mbili. Vidonda vilivyofunikwa mabandeji yenye maji mpaka Mbeya ni kosa. Funika kwa kitu kikavu safi au nailoni.

Mfano wa hesabu. Mtoto kilo 10, ameungua asilimia 15, saa sita mchana, amefika saa tisa alasiri. Maji ya kufidia ni mililita 4 × kilo 10 × asilimia 15 = mililita 600 kwa saa 24, ya dripu ya chumvi iitwayo Ringer's lactate. Nusu yake, 300, iishe ndani ya saa nane tangu alipoungua, yaani ifikapo saa mbili usiku. Saa tatu zimeshapotea, zimebaki tano, kwa hiyo 60 kwa saa. Juu yake kuna maji ya kawaida ya mwili: kilo 10 za kwanza ni mililita 100 kwa kilo, 1,000 kwa siku, sawa na 42 kwa saa, na haya yawe na dekstrozi 5% kwa sababu sukari ya mtoto mdogo hushuka. Jumla 102 kwa saa. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 34 kwa dakika. Kuanzia saa mbili usiku, 300 iliyobaki inagawanywa kwa saa 16, jumla inashuka hadi kama 60 kwa saa.

Kosa linalojirudia ni kuhesabu saa nane kuanzia alipofika wodini. Mtoto aliyechelewa ndiye anayehitaji haraka, na kwa kosa hilo ndiye anayepewa polepole.

Nesi_Tosa

Kaka Tabibu, naomba nikuulize kwa heshima. Kitabu cha mfukoni cha WHO cha huduma za watoto kinajumlisha vyote viwili kwanza, kisha nusu ya jumla inaingia saa nane za mwanzo. Kwa mtoto wako ingekuwa 1,600, nusu 800. Kwa saa tano ni 160 kwa saa. Mbona tofauti ni kubwa?

TabibuMafinga

Uko sahihi dada, kitabu kinasema hivyo, na wodi nyingine zinagawa maji ya kawaida sawasawa kwa saa 24 kama nilivyofanya. Fuata mwongozo wa wodi yako na usichanganye njia mbili kwenye karatasi moja, zamu ya usiku itapotea. Namba zote hizi ni za kuanzia tu. Kinachoamua ni mkojo: mililita 1 kwa kilo kwa saa. Mtoto wa kilo 10, mililita 10 kila saa. Kama hana mpira wa mkojo, pima pampasi kavu, kisha pima iliyoloa; gramu moja ni mililita moja. Mkojo ukiwa chini ya hapo, ongeza maji. Ukiwa mara mbili ya hapo, punguza, kabla kope hazijavimba na pumzi kuanza kwenda mbio.

NesiKitulo

Nirudi kwenye kubadilisha vidonda, hapa pana uuguzi hasa.

Dawa ya maumivu ya mdomo apewe dakika 30 hadi 45 kabla, sio wakati bandeji inafunguliwa. Kidonda kikubwa kinahitaji dawa kali na mtu wa kusimamia pumzi. Mtoto asishikwe kwa nguvu na watu wanne kwa kukosa mpango. Chumba kipashwe joto kwanza, madirisha yafungwe, vifaa vyote viwe tayari. Fungua sehemu moja, osha, funga, kisha nenda sehemu ya pili. Ukimfungua yote kwa pamoja asubuhi ya Njombe, atakuwa amepoa kabla hujafika mgongoni.

Shashi iliyogandia iloweshe kwa saline (maji ya chumvi ya hospitali) ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe. Ukiichomoa, unang'oa ngozi mpya iliyoota jana. Ngozi iliyokufa inayoning'inia ikatwe. Lengelenge dogo lililo zima liache, lililopasuka lisafishwe, kubwa linalobana kwenye kiungo ni uamuzi wa daktari.

Krimu ya silver sulfadiazine inapendwa sana, ila ina masharti: haipakwi usoni karibu na macho, haifai kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, inabadilishwa kila siku, na inaacha utando mweupe unaofanana na usaha au ngozi iliyokufa. Kidonda cha juu juu kilicho safi kinapona vizuri kwa shashi ya vaselini, inayobadilishwa kila siku mbili au tatu. Juu yake shashi kavu nene, kisha bandeji kutoka vidoleni kupanda juu. Kila kidole kifungwe peke yake, weka shashi katikati, la sivyo vitapona vimeshikana. Ncha za vidole zionekane, ili ukiona zimekuwa baridi, zimepauka au zimevimba ufungue.

MamaUyole

Wengine hupewa amoksilini siku hiyo hiyo ya kwanza. Inasaidia kuzuia usaha?

Nesi_Tosa

Hapana mama. Antibayotiki ya kuzuia tu haipendekezwi kwa kidonda kipya kilicho safi. Inachofanya ni kuacha vile vijidudu sugu peke yao. Na homa ya siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi ni mwili wenyewe unapambana. Angalieni kidonda: uwekundu unaopanuka kuzunguka kingo, harufu, rangi ya kijani kwenye shashi, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au sehemu iliyokuwa ya waridi kugeuka nyeusi. Hapo ndipo dawa zinahitajika, na mara nyingi za sindano. Mtoto mchanga badala ya homa anaweza kupoa mwili.

Kuna jambo moja linapita bila kuonekana. Mtoto ameungua kidogo tu, asilimia 3 au 5, kidonda kinaonekana kizuri, kisha siku ya pili hadi ya nne anapata homa ya nyuzi 39 na zaidi, vipele vyekundu mwilini, anatapika au kuharisha, analegea. Ni sumu ya bakteria aina ya stafilokoka iliyo kwenye kidonda. Anaweza kufa ndani ya saa chache. Asitibiwe kama malaria au tumbo. Kidonda kifunguliwe kioshwe, dripu, antibayotiki ya mshipa, rufaa.

TabibuMafinga

Umenikumbusha ugonjwa mwingine wa sumu ya stafilokoka. Mtoto wa chini ya miaka mitano ngozi inababuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, na familia inaapa hakumwagiwa. Kabla ya kuwatuhumu, tazama mdomoni na machoni. Kukiwa na wekundu wenye maumivu kuanzia usoni, kwapani na kinena, magamba kuzunguka mdomo, ngozi inateleza ukiisugua kidogo, lakini ndani ya mdomo kuko salama, ni sumu ya stafilokoka inayobabua ngozi. Anahitaji cloxacillin na matunzo yale yale ya aliyeungua. Ikiwa ndani ya mdomo na macho vimechubuka, uliza dawa alizokunywa wiki za karibuni, hasa zenye salfa, nevirapine (dawa ya VVU) au dawa za kifafa, na uzisimamishe.

Lupila_binti

Shikamooni wakubwa. Shingo na kwapa zikiungua, mtoto anapenda kulala kidevu kikigusa kifua. Tumwache kwa sababu anaumwa?

NesiKitulo

Marahaba mdogo wangu. Usimwache. Mkao anaoupenda ndio mkao atakaokakamaa nao. Shingo: toa mto, kunja taulo uweke chini ya mabega ili kidevu kiinuke. Kwapa: mkono mbali na mwili, pembe mraba. Kiwiko na goti: vinyooke. Kifundo cha mguu: nyayo isimame wima isilale mbele. Usiku weka kibao kilichofungwa pamba. Mchana kiungo kichezeshwe kila akibadilishwa nguo. Mtoto mdogo atanyoosha mkono mwenyewe ukimpa kitu anachokitaka.

Kidonda ambacho wiki tatu zimepita hakijafunga kinahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji kwa ajili ya kupandikiza ngozi. Wengi hukaa kijijini miezi miwili wakibadilisha shashi, wanaletwa kidevu kimeshashikana na kifua.

Na chakula. Mwili unaojenga ngozi unakula sana: yai, maziwa, maharage, dagaa, uji uliotiwa karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta, mara tano sita kwa siku. Mpime uzito kila wiki. Kovu likishafunga, vaselini na kusugua kwa kidole gumba mara kadhaa kwa siku, na lifunikwe juani.

Kipengere_kwetu

Na pepopunda? Kila aliyeungua anachomwa?

Nesi_Tosa

Anza na kadi ya kliniki. Penta, chanjo moja yenye kinga za magonjwa matano, ina kinga ya pepopunda ndani yake, inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyemaliza zote tatu na miaka mitano haijapita tangu ya mwisho hahitaji nyongeza kwa ajili ya kidonda. Aliyekosa dozi apewe iliyobaki hapo hapo hospitali, na kidonda kichafu kwa mtoto asiyechanjwa kabisa kinahitaji pia kinga ya haraka ya antibodi pale inapopatikana.

Ukiwa na kadi mkononi, tazama surua-rubela pia, miezi 9 na miezi 18. Surua ikiingia wodi ya walioungua ni msiba, kwa sababu watoto hao wamedhoofika na wanalazwa wiki nyingi. Mtoto asiruhusiwe kwenda nyumbani bila kupewa dozi aliyopaswa kuipata akiwa kitandani.

Lupila_binti

Je, akiwa wa miezi mitatu na mapaja yote yameungua, penta achomwe wapi?

Nesi_Tosa

Tafuta upande wa nje wa paja palipo na ngozi nzima. Pakiwepo hata pa upana wa vidole vitatu mbali na kidonda, panatosha. Begani hapafai kwa mtoto wa chini ya mwaka kwa sababu msuli ni mdogo, na matakoni hatuchomi, mshipa wa fahamu wa mguu uko karibu. Ikiwa hakuna ngozi nzima, subiri paja lifunge, andika kwenye kadi tarehe ya kurudi na umwambie mama kwa mdomo. Matone ya polio na ya rota ni ya kunywa, hayo hayasubiri mapaja. Na dozi ikichelewa hatuanzi upya, tunaendelea pale alipoishia, dozi hadi dozi zikipishana angalau wiki nne.